Mtoki Usio na Kidonda

Bibi yangu mzaa mama hakwenda shule, lakini mtoto akimjia anachechemea, mkono kaubana kwenye kinena, yeye hakushughulika na kinena. Aliuliza: "Umejichoma wapi?" Kisha alimkalisha mkekani, akamfunua vidole vya mguu kimoja kimoja mpaka akione kilichojificha: mwiba, funza aliyeachwa akatunga usaha, ukucha uliong'oka kwa kujikwaa. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akakifunga kitambaa, na mtoki ulinywea wenyewe baada ya siku chache bila mtu kuugusa. "Mtoki ni mjumbe," alikuwa akisema. "Muulize katumwa na nani."

Nilimkumbuka asubuhi moja ya Februari, miaka minne iliyopita, nikinyoa ndevu. Kidole kilikutana na kitu chini ya taya la kushoto, ukubwa wa kokwa ya zambarau, kigumu cha kunepa kama mpira wa kufutia penseli. Kilitelezateleza chini ya ngozi. Hakikuuma. Nikafanya kama bibi, nikatafuta kidonda. Meno mazima. Koo halina wekundu. Masikio hayatoi kitu, kichwani hakuna hata kipele. Mjumbe amefika, aliyemtuma haonekani.

Na kwa kuwa hakikuuma, nikaenda zangu kazini.

Hilo ndilo lililonipoteza, na nimekuja kujua kwamba limewapoteza wengi. Sisi tumelelewa kuamini maumivu. Kinachouma ndicho ugonjwa. Kisichouma ni uvimbe tu, kitaondoka. Kumbe tezi inayouma mara nyingi ina sababu nyepesi, jino bovu au tonsili, na ile iliyokaa kimya, ikakua taratibu, ikakosa hata wekundu wa kujitangaza, ndiyo ya kutiliwa shaka.

Kufikia Aprili zilikuwa tatu, zimepangana shingoni. Zahanati ya mtaani ilinipa antibiotiki, zikaisha. Ikanipa nyingine, zikaisha. Ikanipa za tatu za bei kubwa zaidi. Mwezi Juni hospitali moja ikaniambia nina TB ya tezi, nikaanzishiwa vidonge bila makohozi yangu kupimwa wala tezi kuguswa na sindano. Sitaitaja, na kwa kweli sina kinyongo nayo. TB ya tezi ni ugonjwa wa kweli na umejaa kwetu, na daktari wa hapa anayeibahatisha atapatia mara nyingi. Tena TB ya tezi na limfoma, ugonjwa niliokuwa nao kweli, ni magonjwa yanayovaa nguo moja: homa za jioni, mwili kukonda, jasho la usiku. Jasho langu lilikuwa la kukamua shuka. Mke wangu alikuwa anaamka saa nane kutandua godoro, na sote wawili tukisema ni joto la Dar es Salaam. Katika Julai! Suruali nazo zikaanza kunivuka.

Miezi miwili ya vidonge vya TB ilipita na tezi ziliendelea kunenepa. Ndipo rufaa ikanifikisha kwa daktari mmoja wa upasuaji, mzee wa mvi, aliyenipapasa shingo, makwapa na kinena kwa utulivu kama mtu anayechagua maembe sokoni. Alisema sentensi moja ambayo naiandikia makala hii yote: "Tezi hii imekunywa dawa za kutosha. Sasa tuikate tuiulize yenyewe."

Kabla ya kisu, nieleze tezi zenyewe ni nini, maana mimi mwenye miaka arobaini na saba nilikuwa sijui. Mbali na damu, mwilini mna maji mengine yanayotembea, yanaitwa limfu. Yana mishipa yake myembamba, na njiani yamewekewa vituo kama vizuizi vya barabarani: shingoni, makwapani, kifuani, tumboni, kinenani. Vituo hivyo ndivyo tezi za limfu. Ndani yake wanakaa askari, aina ya chembe nyeupe za damu, wanaokagua kila kinachopita. Mwiba ukiingia mguuni na vijidudu vyake, vijidudu hufika kizuizi cha kinena, askari wanazaana haraka kupambana navyo, kituo kinavimba. Huo ndio mtoki. Bibi alikuwa sahihi kabisa bila kuwahi kuona hadubini.

Limfoma ni askari mmoja aliyeharibika katika urithi wake wa ndani, akaanza kuzaana bila kuamriwa na bila adui. Watoto wake wanafanana naye, hawafi kwa wakati, hawapigani na lolote, wanajaza kituo tu. Kikijaa wanahamia kingine, na wanaweza kufika kwenye bandama, ini, utumbo, uboho wa mifupa. Ni saratani, lakini ya kundi la damu. Kwa hiyo lile swali la kwanza ambalo kila ndugu huuliza, "Kwa nini wasiikate yote waitoe?", jibu lake ni kwamba huwezi kulitoa kwa kisu jeshi linalotembea. Kisu hapa ni cha kutafutia jina tu.

Na majina ndiyo yenye mambo. Mwaka 1832 daktari wa London aitwaye Thomas Hodgkin alieleza maiti kadhaa zilizokuwa na tezi na bandama zilizovimba kwa namna asiyoweza kuihesabu kuwa TB wala uambukizo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwenzake Samuel Wilks aliupa ugonjwa huo jina la Hodgkin. Baadaye ikagunduliwa kwamba ugonjwa wa Hodgkin una seli zake za pekee, kubwa, zenye viini viwili vinavyokutazama kama macho ya bundi. Limfoma zote zisizo na seli hizo zikatupwa katika kapu moja: limfoma isiyo ya Hodgkin. Sijui jina jingine la ugonjwa lililo vivu hivi. Ni sawa na mtu akikuuliza jina la mgeni, ukamjibu, "Si Juma." Katika kapu hilo la wasio Juma wamo aina zaidi ya 60, na duniani watu zaidi ya 500,000 huambiwa kila mwaka kuwa wana mojawapo. Zipo zinazoua katika wiki chache zisipotibiwa. Zipo ambazo mtu huzeeka nazo, akafa kwa jambo lingine.

Basi mgonjwa anayetoka kwa daktari akasema, "Nina limfoma," bado hajaambiwa ugonjwa wake.

Kukatwa kwenyewe kulichukua nusu saa, kwa ganzi, nikiwa macho. Daktari alitoa tezi moja nzima. Nilimwuliza kwa nini hakutumia sindano, maana jirani yangu alivutwa kwa sindano akapewa majibu siku ya pili. Akanijibu kwamba sindano inatoa seli chache zilizotawanyika, nazo zinaweza kukuonyesha TB au saratani iliyotoka kwingine, lakini limfoma husomwa pia kwa jinsi seli zilivyojipanga. Ni kama kutaka kuujua mkeka ulivyosukwa kwa kuchomoa ukindu mmoja. Tezi ikatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini, na mke wangu akapewa aipeleke maabara. Aliipakata ndani ya bajaji kama mtu aliyebeba yai.

Mtaalamu wa patholojia hukata tezi vipande vyembamba kuliko karatasi, huvitia rangi na kuvisoma. Kisha hufanya kipimo cha pili cha kutafuta alama zilizo juu ya seli. Alama muhimu kuliko zote kwetu inaitwa CD20. Kipimo hiki cha pili ndicho hukawia, na ndicho baadhi ya wagonjwa hukosa kwa sababu ya gharama au kwa kuwa maabara ya karibu haina vitendanishi. Nilisubiri majibu wiki tatu. Wiki tatu hizo sitazisimulia.

Karatasi iliandika: limfoma isiyo ya Hodgkin, ya seli B kubwa, zilizosambaa. Nilisoma neno la mwisho nikiwa kwenye korido, nikakaa chini. Zilizosambaa! Nikaona kaburi. Usiku huo niliwapigia ndugu watatu kuwaaga kwa mafumbo; mmoja alidhani nataka kukopa. Kesho yake daktari wa saratani alicheka kidogo, si kwa dharau, akanieleza kwamba neno hilo halihusu mwili wangu. Linahusu seli chini ya hadubini. Katika aina nyingine ya limfoma seli hujikusanya mafungu mafungu kama vishada. Katika yangu zimetandaa bila mafungu. Basi. Kusambaa mwilini ni habari nyingine, inapimwa kwa siti skani na kwa kuchota uboho kwenye mfupa wa nyonga, nayo huandikwa kwa hatua, ya kwanza hadi ya nne. Naliandika hili taratibu kwa sababu najua yuko mtu aliyeshika karatasi kama ile sasa hivi, kakaa kwenye korido.

Hatua nazo zinatisha kupita kiasi. Tumezoea kusikia hatua ya nne kama hukumu, na kwa saratani nyingi ni habari mbaya kweli. Kwa limfoma hesabu ni tofauti: dawa inatembea kila mahali ambapo seli zimefika, na watu wa hatua ya nne hupona. Mimi nilikuwa wa tatu.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja mwisho wa mazungumzo yale. Niliuliza kama ugonjwa wangu ni wa kasi au wa polepole, nikiomba moyoni uwe wa polepole. Daktari akasema ni wa kasi, tena kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. Limfoma za polepole, alisema, mara nyingi hatuziondoi moja kwa moja. Tunazipunguza, zinalala miaka, zinaamka, tunazipunguza tena. Wengine hata hatuwapi dawa. Tunawaangalia tu kila miezi mitatu, na hilo linawaudhi kweli ndugu zao. Za kasi ndizo tunazotafuta kuzimaliza. Dawa za kemo zinaua seli inapojigawa. Dawa inapita kama mgambo mtaani, inawakamata walio nje. Waliolala ndani haiwakuti. Seli za ugonjwa wa kasi ziko nje karibu zote, usiku na mchana.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ulipatikana hapa kwetu. Inafaa Waafrika Mashariki tujue, maana hadithi yake inaanzia Kampala, sisi tunadhani habari hizi ni za Ulaya.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita mpasuaji wa Kiairishi, Denis Burkitt, amwone mtoto wa miaka mitano. Uso wake ulikuwa umeumuka, taya zote, juu na chini, kulia na kushoto, meno yakining'inia. Burkitt, ambaye mwenyewe alikuwa na jicho moja tangu ajali ya utotoni, hakuwahi kuona uvimbe wa namna hiyo ukitokea pande nne kwa mpigo. Muda mfupi baadaye alikuwa Jinja kikazi, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine kwenye majani, uso vilevile. Alimpima tumbo akakuta uvimbe mwingine humo. Akaanza kuchimba mafaili, na aliyoyakuta ni kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ovari, wa ini, uliokuwa ukiandikwa kila mmoja kwa jina lake, ulikuwa ugonjwa mmoja wa watoto. Mwaka 1958 aliuchapisha. Wanapatholojia wenzake wa Kampala wakaonyesha kuwa ni limfoma. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt, na ni katika limfoma zenye mbio kuliko zote: uvimbe unaweza kujizidisha mara mbili kwa siku moja au mbili. Mama anauona ukikua kutoka Jumatatu hadi Ijumaa.

Swali la pili la Burkitt lilikuwa la mahali: mbona ugonjwa uko Uganda na hauko kote? Alituma vikaratasi vyenye picha kwa hospitali za Afrika akiuliza nani amewaona watoto hawa. Oktoba 1961, Tanganyika ikihesabu wiki kufika uhuru wake wa Desemba 9, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipakia gari kuukuu aina ya Ford na kushika njia ya kusini. Walitembea wiki kumi, kilomita zaidi ya 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza swali lile lile na kutia alama kwenye ramani. Alama zikajipanga zenyewe. Ugonjwa ulikuwa kwenye joto na mvua: kandokando ya maziwa, mabonde ya mito, pwani. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao. Ilikuwa ramani ya mbu. Leo inakubalika kwamba malaria ya kila mara, inayomshika mtoto mwaka mzima, ni moja ya vitu viwili vinavyouandaa ugonjwa huo.

Cha pili ni virusi. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kwenye viti alikuwepo mtafiti, Anthony Epstein, aliyetoka pale akiwa na hakika kwamba kuna kirusi. Ikawa vipande vya uvimbe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na kwa miaka miwili hakuna kilichoonekana. Desemba 1963 ukungu uliifunika London, ndege ikaelekezwa Manchester, kichupa kikafika jioni kimechelewa na maji yake yamechafuka. Mtu mwingine angekitupa akidhani kimeoza. Epstein alikitazama: uchafu ule ulikuwa seli hai za saratani, zimejinasua zinaelea. Zikaoteshwa maabara, na ndani yake, mwaka 1964, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakaonyesha kirusi kinachoitwa hadi leo Epstein-Barr, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Achong alikuwa mtu wa Trinidad, na jina lake ndilo lililoachwa nje. Watoto wetu wengi hukipata kirusi hicho wakiwa wadogo sana, kwa mate, na wasidhurike. Ni pale kinapokutana na malaria isiyokatika ndipo mmoja mmoja huangukia ugonjwa. Huko Mara Kaskazini, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto waligawiwa klorokwini kuona kama kuipunguza malaria kutapunguza na uvimbe. Ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, kwa hiyo jibu la kukata halikupatikana.

Nimeyaeleza haya ili nifike hapa: Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Kisu hakikufaa taya lililoumuka hivyo. Burkitt hakubakiwa na kitu ila dawa, methotreksati, saiklofosfamidi, vinkristini, alizozitoa kwa vipimo vidogo, tena kwa watoto ambao wazazi wangewachukua kurudi kijijini baada ya siku chache. Uvimbe uliyeyuka. Wapo watoto waliorudi miaka baadaye, wazima, baada ya dozi moja au mbili. Wakati huo Ulaya na Marekani wengi hawakuamini kwamba saratani inaweza kupona kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 ikaanzishwa hapo Mulago kituo cha limfoma ambacho ndicho kimekuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona siku hizi. Kwetu, nyumbani kwa ugonjwa, wanaopona ni wachache zaidi, na sababu si fumbo: wanafika wamechelewa, dawa zinakatika katikati, nauli inaisha, mama ana watoto wengine nyumbani.

Turudi kwenye kitanda changu.

Dawa zangu zilikuwa nne za zamani na moja mpya. Zile nne huitwa kwa herufi, CHOP, na zimetumika tangu miaka ya 1970. Mojawapo ni vinkristini, itokayo kwenye ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, watu wengi wanalo uani bila kujua. Hiyo ilinipa ganzi kwenye ncha za vidole hadi nikashindwa kufunga vifungo vya shati, na choo kigumu ambacho hakuna aliyenionya. Mwombe daktari dawa ya kulainisha mapema. Nyingine ni nyekundu kama sharubati ya rozela, na mkojo hutoka mwekundu siku hiyo, usipige kelele. Inaweza kuudhoofisha moyo, ndiyo maana moyo hupimwa kwanza. Vidonge vya prednisoloni vilinipa njaa ya askari na kuninyima usingizi siku tano za mwanzo wa kila mzunguko. Nilikuwa nafagia uwanja saa tisa usiku.

Ile mpya inaitwa rituksimabu. Hiyo haiui kila kinachojigawa. Inatafuta alama ya CD20 na kung'ang'ania hapo, ndiyo maana kile kipimo cha pili cha patholojia si anasa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1997. Mwaka 2002 Wafaransa walichapisha majaribio ya wagonjwa 399 wenye umri wa miaka 60 hadi 80 waliokuwa na ugonjwa kama wangu: kwa CHOP peke yake uvimbe ulitoweka kwa asilimia 63 yao, na ukiongeza rituksimabu kwa asilimia 76. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Kuiweka kwenye orodha ni jambo moja, kuikuta dirishani ni jambo la pili, na asiye na bima anajua ninachosema. Dripu ya kwanza huendeshwa polepole sana, maana mwili unaweza kutetemeka kwa baridi. Mimi nilitetemeka hadi kitanda kikalia, muuguzi akapunguza mwendo, ikapita.

Kabla ya dripu hiyo walinipima VVU na homa ya ini aina ya B. Usione kama unatuhumiwa. Homa ya ini ya B imeenea kwetu, watu wanatembea nayo bila kujua, na rituksimabu inaweza kuiamsha ikalimaliza ini. Na VVU huongeza hatari ya limfoma, lakini mwenye VVU anayemeza ARV zake sawasawa hutibiwa kama wengine na hupona. Pia, kama bado unataka kuzaa, useme siku hiyo ya kwanza. Madaktari wetu wana aibu, hawaulizi.

Mizunguko sita, kila mmoja siku 21. Nilijifunza kalenda yake. Siku ya saba hadi ya kumi na nne chembe nyeupe zinakuwa chini kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo, kuliko hata kutapika ambako watu wote hukuhofia. Homa ikigonga nyuzi 38 siku hizo, huendi dukani kununua panadoli na hungoji kuche. Unakwenda hospitali usiku huo huo na kusema mlangoni, "Mimi ni wa kemo, nina homa." Yule tuliyepokea naye dripu ya tatu, kitanda cha jirani, alingoja kuche.

Nywele zilidondoka wiki ya tatu. Mama mkwe alileta juisi ya bitiruti, shangazi akaleta mizizi iliyochemshwa na mzee wa Handeni, rafiki akaleta anwani ya mtu anayeagua. Juisi niliinywa. Mizizi niliishukuru nikaiweka juu ya kabati, maana ini langu lilikuwa na kazi ya kutosha. Yule wa kuagua nilimwambia rafiki tutakwenda nikimaliza dripu. Tukiwakatalia ndugu kwa ukali tunabaki peke yetu, na huu si ugonjwa wa kubaki peke yako: mtu anahitajika wa kukupeleka, wa kukuchangia damu, wa kukaa foleni ya dawa huku wewe umelala kwenye benchi.

Tezi ziliyeyuka baada ya mzunguko wa pili, nikajipapasa shingo kama mwendawazimu kila asubuhi. Siti skani ya mwisho haikuonyesha kitu. Aina yangu ikiamua kurudi hurudi zaidi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na miaka hiyo imeshapita. Naenda kliniki mara mbili kwa mwaka. Vidole viwili vya mkono wa kulia bado vina ganzi, naandika kwa vilivyobaki.

Wewe unayesoma hapa, kama una tezi shingoni, kwapani au kinenani, imepita mwezi, na hujaona kidonda kilichoileta, usingoje iume. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji, mwombe kinyama kikatwe, na majibu yakitoka omba nakala yako uulize ni aina gani. Na ukipewa kichupa upeleke maabara, hakikisha kina fomalini kabla hujatoka mlangoni. Kwenye maji matupu nyama inaoza, na utarudi kukatwa tena.